Mifumo Mipya ya Kompyuta na Toni za Runyambo

Suala la kuhamia mifumo endeshi mipya ya kompyuta limeachwa mikononi mwa mafundi na wahasibu. Maoni haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la wanaisimu pia, kwani kinachopotea katika uhamaji huo aghalabu ni data za lugha.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, hata kompyuta nyingi zilizo nzima zikahesabiwa kuwa hazifai. Hilo ni suala la fedha, nami sitalirefusha. Lipo jingine lisilosemwa sana. Windows 11 haina toleo la biti 32, na matoleo ya biti 64 hayaendeshi programu za biti 16. Kwa hiyo programu za DOS, ambazo baadhi yetu tulizitumia kuandikia orodha za maneno miaka ya 1990, hazina tena mahali pa kuendeshwa moja kwa moja.

Nitoe mfano. Katika chuo kimoja kompyuta za watafiti zilibadilishwa mfumo bila wenyewe kuulizwa. Mwanafunzi wa uzamili alipolifungua faili la vitenzi vya Runyambo vilivyokusanywa Ndama, wilayani Karagwe, alikuta kila palipokuwa na ú pana alama ya pauni, £. Palipokuwa na ó pana alama ya senti, ¢. Na palipokuwa na á pana nafasi tupu. Sababu yake si fumbo. Katika jedwali la herufi namba 437 la DOS, á ni 160, ó ni 162 na ú ni 163. Katika jedwali la Windows la lugha za Ulaya Magharibi, 160 ni nafasi isiyokatika, 162 ni senti na 163 ni pauni. Nambari hazikubadilika, kilichobadilika ni jedwali la kuzisomea.

Runyambo ni lugha ya toni. Lee Bickmore aliiandikia tasnifu nzima kuhusu arudhi yake mwaka 1989. Kwa hiyo alama ile juu ya irabu si pambo. Pauni na senti zinaweza kurudishwa kuwa irabu, maana hakuna kitenzi chenye pauni ndani yake. Hatari iko kwenye á. Mtu mwenye nia njema akisafisha faili kwa kugeuza nafasi zote ziwe za kawaida, kisha akalihifadhi, á zote zimechanganyika na nafasi halisi za kati ya maneno, na hakuna programu itakayozitenganisha.

Mbona idara zetu hazikulalamika? Nadhani ni kwa sababu Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake. Faili la Kiswahili la mwaka 1992 likifunguliwa leo husomeka, labda kasoro kibainishi cha ng', ambacho programu za kuandikia hupenda kukipinda. Sisi wa Kiswahili tumevuka kila mabadiliko salama, tukadhani na jirani zetu wamevuka. Hata istilahi imetuponza: tunaita jambo hili “kuboresha”, na katika kitenzi hicho hukumu imekwisha kutolewa kabla mtumiaji hajaulizwa.

Wapo watakaosema kwamba DOSBox huiga kompyuta za zamani. Ni kweli, na inafaa kwa kulisoma faili. Lakini kulisoma si kulihamisha.

Napendekeza idara isikubali kompyuta yoyote ya mtafiti ibadilishwe kabla mwenye data hajaandika ni jedwali gani alilotumia, faili halijageuzwa kuwa Unikodi, na matokeo hayajalinganishwa na nakala ya karatasi. Faili la awali lihifadhiwe bila kuguswa. Kwa Runyambo upo pia msamiati wa Josephat Rugemalira uliochapishwa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2002, unaoweza kusaidia kutambua neno lililoharibika. Lakini toni ya kitenzi hubadilika kwa mujibu wa njeo na mazingira ya sentensi, na kwa maumbo hayo hapana budi kurudi Ndama kuwauliza wasemaji.