Ukishajifungua, nani anakuangalia? Swali la kumuuliza mkunga mapema

Mama mwenye meza ya vitenge Kariakoo anajua tarehe ya rejesho la mkopo na siku ya kikoba. Muulize sasa: baada ya kujifungua, wewe mwenyewe unarudi lini kupimwa? Jibu la kawaida ni "mtoto akifika wiki sita, kwenye chanjo."

Hapo ndipo penye shida.

Namba zinasemaje?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Asilimia 81 ya uzazi ilifanyika vituoni. Hatua kubwa. Lakini ni kama nusu tu ya akina mama waliopimwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua, na siku hizo ndizo hatari zaidi kwa kutokwa damu.

Yaani tunafika hospitali, tunajifungua, halafu tunapotea.

Tunapotelea wapi?

Chukua mama wa Gerezani. Kliniki anahudhuria karibu na biashara. Uchungu unamshikia usiku, anapelekwa Amana. Akiruhusiwa anaenda kwa mama yake Mbagala, au Tanga kabisa, akakandwe maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga. Mkunga aliyemfuatilia miezi yote hajui hata yuko wapi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Machi 2022 unataka aliyejifungua kawaida abaki kituoni angalau saa 24, kisha aonwe mara 3: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6.

Arobaini yetu inaangukia karibu na wiki hiyo ya 6. Desturi ya kupumzika tunayo tayari, kinachokosekana ni zile siku mbili za mwanzo kwenye ratiba.

Na biashara je?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa mapacha. Mwenye meza Kariakoo hana mwajiri. Asipouza, hali. Ndiyo maana wapo wanaorudi sokoni kabla kidonda hakijapona.

Panga haya na mkunga, mimba ikiwa bado

- Utakaa wapi baada ya kujifungua, na kituo gani kiko karibu na hapo?
- Tarehe tatu za kurudi. Ziandikwe kwenye kadi.
- Nani atashika meza, na kwa siku ngapi?
- Nani atakupeleka hospitali ukitokwa damu nyingi, ukipata homa, degedege, au kichwa kikali na macho kuona ukungu? Hapo husubiri tarehe.
- Ukilia kila siku bila kujua sababu, utamwambia nani?

Wakunga wana foleni ndefu, hilo linajulikana. Mpango huu hauhitaji mashine wala dawa. Unahitaji dakika chache, kalamu, na mume au mama mzazi akiwepo kusikia. Kliniki ijayo, nenda naye.