Jeki Si Nguzo

Hapa Tabora kuna imani ambayo fundi humrithisha kijana wake wa spana bila kuulizwa: gari likishapanda juu ya jeki, limesimama. Ingia chini, fungua nati mbili, toka. "Dakika mbili tu." Imani hii inaua, na wanaoieneza ni watu wanaojua magari.

Pita Isevya au Ng'ambo Jumamosi asubuhi. Chini ya mwembe kuna IST iliyoinuliwa mbele, tairi limeng'olewa, miguu yenye kandambili imechomoza ubavuni. Sauti inaomba spana namba 14. Mtoto anaipeleka na kuchuchumaa, kichwa kimegusana na bampa. Kinachoshikilia vyote hivyo ni jeki ndogo ya kuzungusha, kitako chake hakizidi kiganja, kimekaa juu ya kichanga.

Mpagazi wa Kinyamwezi katika njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji alibeba frasila mbili hivi, yaani takribani kilo 32. Kona moja ya mbele ya IST ina kilo zipatazo 300. Ni mizigo ya wapagazi tisa au kumi, ikining'inia juu ya kifua cha mtu mmoja.

Jeki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilishia tairi, kazi ambayo mtu hukaa pembeni. Gari likisogea kidogo tu, jeki inalala. Na anayelisogeza ni yule yule aliye chini, anapoivuta kwa nguvu nati iliyoshika kutu. Jeki ya mafuta nayo hutegemea sili za mpira. Zikichakaa, au uchafu ukikaa kwenye vali, mafuta hurudi na gari hushuka.

"Lakini nimevuta hendibreki." Kwenye magari madogo mengi hendibreki hushika matairi ya nyuma. Ukiinua nyuma, umeshika matairi yaliyo hewani. Land Rover za zamani ni hatari zaidi, maana breki yao ya mkono hushika shafti inayokwenda nyuma. Inua tairi moja la nyuma, na difu itaruhusu lile lililobaki chini lizunguke huku hilo la juu likizunguka kinyume. Gari linaondoka, breki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Ndiyo maana matairi yaliyobaki ardhini lazima yawekewe kabari, mbele na nyuma.

Wapo wanaojiona waangalifu kwa sababu wanaweka tofali. Tofali hubeba ukuta kwa kuwa uzito umesambaa. Likibanwa na ncha ya chasisi hupasuka ghafla. Mbao nene hulia na kubonyea kwanza, na mtu hupata nafasi ya kutoka.

Naambiwa stendi za chuma ni ghali. Katika mji wa mninga hoja hiyo siikubali. Nenda kwa mafundi samani, omba vipande vinene vilivyobaki. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, vipange viwili viwili kwa kupishana, vikiwa vipana chini kuliko kimo chake, shusha chasisi ikae juu yake, kisha lisukume gari kwa bega kabla hujaingia. Likitikisika, panga upya. Tairi ulilong'oa lilaze chini ya bodi.

Kinachonikera kuliko vyote ni maneno ya msibani: siku zake zilifika. Mungu hakumwambia mtu aache kuweka mbao. Tangu 2003 nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na inamdai mwajiri amlinde anayemfanyia kazi. Mwenye gereji anayemtuma kijana wa miaka 17 chini ya gari la mteja, juu ya jeki tupu, aulizwe kwa sheria hiyo, na aulizwe kijana angali hai.