Elimu ya Bure Isitupite

Wahenga walinena kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kauli hiyo inafaa ikumbukwe kila tunapozungumzia akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa Visiwa hivi.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar uliundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Mwaka 2016 Serikali ikaanzisha Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Kijana aliyeajiriwa leo atadai haki yake baada ya miaka thelathini au zaidi. Ni nani wa kutuambia mapema kama fedha zitatosha?

Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa takwimu bima. Yeye hukadiria watu wataishi miaka mingapi, mishahara itapanda kiasi gani na akiba itazaa nini. Kisha hutamka mchango unaostahiki kukatwa sasa. Akikosea, anayeumia ni mzee aliyepanga foleni.

Vijana wanaosomea fani hii hulalamika kwamba vitabu na ada za mitihani ya vyama vya kigeni ni ghali. Hilo ni kweli. Lakini si kweli kwamba kila mlango umefungwa. Shirika la Kazi Duniani hutoa bure machapisho juu ya hesabu za pensheni. Casualty Actuarial Society ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1914, imeweka wazi makala zake za tangu mwanzo, pamoja na kitabu cha Friedland juu ya kukadiria madai ya bima ambayo hayajalipwa. Society of Actuaries nayo hutoa bila malipo taarifa za utafiti, maswali ya mazoezi na podikasti, yaani mazungumzo yaliyorekodiwa, ambayo mtu aweza kuyasikiliza hata akiwa ndani ya boti ya Pemba.

Hata hivyo, cha bure nacho kina adabu yake. Msikilizaji aulize kwanza: nani anasema, lini, na anauza nini? Tena, jedwali la vifo vya Waingereza halimpimi mvuvi wa Micheweni. Tuazime mbinu, tarakimu ziwe zetu.

Kwa hiyo tunatoa wito. Ofisi zinazoshika fedha za wananchi ziwatengee wataalamu wao saa maalumu za kusoma na kujadiliana kila wiki. Maktaba zetu ziyapakue machapisho haya, ili asiye na fedha za intaneti asiachwe nyuma. Wakuu wa idara wasizifungie makabatini takwimu za vizazi na vifo. Wawape watafiti wetu, bila ya majina ya watu.

Nawe kijana, usingoje kusomeshwa. Mlango uko wazi. Aliyebaki nje asimlaumu bawabu.