Krismasi Isihamishiwe Oktoba

Shule ya msingi ya Kikatoliki nchini Kenya inayoigiza pango la Bethlehemu kabla ya kufunga muhula wa tatu mwezi Oktoba imeruka Majilio yote, kipindi cha kungojea Krismasi. Kipindi hicho huanza Jumapili iliyo kati ya Novemba 27 na Desemba 3, madarasa yakiwa tayari yana kufuli. Ni majuma ya mavazi ya zambarau na ya kungoja. Hata wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili hizo. Mtoto aliyekwisha kushangilia Oktoba atangojea nini?

Heri igizo lisubiri Januari. Mwaka 2025 shule zilifunguliwa Januari 6, na Ubatizo wa Bwana, unaofunga kipindi cha Noeli, ukaangukia Januari 12, hivyo nafasi ilikuwapo. Wapo watakaosema Januari mzazi amebanwa na karo na sare. Kweli, lakini igizo halimdai senti. Kinachomdai ni keki na zawadi, ambazo (tuseme ukweli) hazikuwahi kuwa sehemu ya ibada. Wengine watauliza nani atamlea mtoto katika Majilio akiwa likizoni. Jumuiya ndogondogo za Kikristo hukutana nyumba kwa nyumba, na mwalimu wa dini anaweza kumfundisha mapema kuwasha mshumaa mmoja kila Jumapili.