Stima Ikipotea, Vali Iende Wapi?

Leo tuzungumzie mota. Sio ya gari, ni ile inayokaa juu ya vali kwenye bomba na kuizungusha ifunguke au ifunge. Sisi waandishi wa programu tukipewa kazi ya kuiendesha tunajali fungua na funga, basi. Labda tuongeze ile swichi ya kuchagua anayetoa amri: kompyuta iliyo mbali, au fundi aliyesimama pale pale. Hayo ni rahisi. Swali gumu ni stima ikipotea vali iende wapi (na hapa Kenya hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya stima kupotea).

Mota ya kawaida yenye gia hubaki pale ilipofika. Nyingine ina springi inayokazwa wakati stima ipo, ikienda springi inaachia na kuirudisha vali upande uliochaguliwa. Nyingine hutumia betri au kapasita kumalizia safari. Wauzaji hupenda kuziita hizi mbili za mwisho "salama". Salama kwa nani? Vali ya gesi ya tanuri ifunge, hakuna ubishi. Lakini vali ya maji ya kupoza je? Ukiifunga umeunguza mtambo.

Mfano wangu ni Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Mtambo nambari 1 ulikuwa na vipozaji viwili vilivyofanya kazi bila pampu: mvuke unapanda, unapoa ndani ya tangi la maji, maji yanarudi yenyewe kwa uzito wake. Kitu kizuri sana! Ila kwenye mabomba yake kulikuwa na vali za mota, na saketi ya kuchungulia kama bomba limepasuka. Saketi hiyo ikikosa stima ya betri ilihesabu kwamba bomba limepasuka, ikaamuru vali zifunge. Tsunami ilipoingia betri zikazama, amri ya kufunga ikatoka. Stima ya mota nayo ilikuwa inakatika, kwa hiyo vali za ndani zilifika wapi hasa hakuna aliyeweza kuona. Taa za kuonyesha vali zilikuwa zimezimika pia, na kwa saa kadhaa wakubwa waliamini kipozaji kinafanya kazi.

Walioichora saketi ile hawakuwa wajinga. Bomba likipasuka kweli, vali ikiwa wazi mvuke wenye mionzi unatoka nje. Lawama yangu iko mahali pengine: saketi ilichukua "sijui" ikaigeuza kuwa "ndiyo, limepasuka". Na hiyo, ndugu zangu, ni tabia yetu kabisa. Ni mara ngapi umeona programu ikikosa jibu la kipimo inaandika sifuri na kuendelea na safari?

Mafundi wa viwanda walilitatua hili zamani. Waya wa kipimo hubeba miliampia 4 hadi 20. Vali iliyofungwa ni 4, iliyo wazi ni 20. Ukisoma sifuri, vali haijafungwa, waya umekatika. Hii naipenda kuliko mambo mengi niliyosoma kwenye vitabu vya programu! Halafu anakuja kijana na kodi yake, anasoma sifuri na kuchora vali iliyofungwa kwenye skrini, kwa rangi ya kijani.

Kwa hiyo mimi ningetaka kila vali iwe na hali nne kwenye programu: wazi, imefungwa, iko njiani, haijulikani. Na kila vali iandikiwe, kabla ya kununua mota, itakwenda wapi ikipoteza stima na ikipoteza amri, maana hayo ni mambo mawili tofauti. Waya wa mawasiliano unaweza kukatika huku stima ipo, na hapo springi haikusaidii kitu.

Halafu kuna stima kurudi. Amri ya zamani bado iko kwenye kumbukumbu, mota inaamka na kuitii, na fundi ana mkono ndani ya bomba.