Bustani Yetu: Sedumu, ua la wanaosafiri kiangazi

Shule zikikaribia kufungwa mwishoni mwa Juni, familia nyingi za kwetu hapa Toronto huwaza mambo mawili: tiketi za kwenda nyumbani, na nani atamwagilia maua. Wiki sita Mombasa, Bukoba au Goma ni raha, lakini ndizo wiki zile zile ambazo jua la hapa huchoma kweli. Na jirani wa kumwachia kazi hiyo hapatikani kila mwaka. Kwa ile sehemu ya bustani inayopigwa na jua kutwa, ushauri wangu ni huu: pandeni sedumu.

Sedumu ina majani manene yenye akiba ya maji. Ni ya ukoo mmoja na kalankoe, lile ua la chungu linalouzwa sana madukani. Siri yake wanayo pia nanasi na mkonge wa Tanga: usiku hufungua vitundu vya majani kuvuta hewa, na mchana huvifunga ili maji yasipotee. Ikishashika mizizi, hukaa wiki kadhaa bila mvua. Ndiyo maana imepandwa hata juu ya mapaa. Mwaka 2009 Jiji la Toronto lilipitisha sheria ndogo ya kutaka majengo mapya makubwa yawe na mapaa ya mimea. Ukitaka kuiona, nenda Nathan Phillips Square, kwenye bustani ya paa ya City Hall iliyofunguliwa mwaka 2010.

Zipo za aina mbili. Ya kutambaa hufaa ukingoni, karibu na mawe. Ya kusimama hufika sentimita 45 hadi 60. Inayopatikana kwa urahisi ni Autumn Joy. Julai vichwa vyake ni vya kijani kama brokoli, mwishoni mwa Agosti huwa vya waridi, na kufikia Oktoba vina rangi ya tofali. Yaani mnarudi safari ndipo inapoanza kupendeza.

Panda mwanzoni mwa Mei. Usingoje Victoria Day kama unavyongojea nyanya, kwa sababu sedumu haiogopi baridi, na wiki hizo za ziada ndizo zitakazoipa mizizi kabla hamjaondoka. Chagua mahali penye jua saa sita au zaidi kwa siku. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji ndio adui yake. Inua tuta na uchanganye kokoto. Acha nusu mita kati ya shina na shina. Mwagilia mara moja kwa wiki hadi msafiri, kisha iache. Usiweke samadi: ikishiba sana hurefuka na kuanguka. Mwanzoni mwa Juni kata theluthi ya juu ya kila shina. Itachelewa kidogo kutoa maua, lakini itasimama imara.

Majira ya baridi mashina hukauka na kuwa kahawia. Wengi huung'oa mmea wakidhani umekufa. Uacheni. Mizizi iko hai, na Aprili mtaona machipukizi chini kama vikabichi vidogo. Hapo ndipo pa kukata mashina makavu.

Kwa wapangaji, ambao ndio wengi wetu, kuna habari njema zaidi. Ukihama huhitaji kubomoa bustani ya mwenye nyumba. Kata pingili ya sentimita 10 mwanzoni mwa kiangazi, toa majani ya chini, iache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha ichomeke udongoni kama unavyopanda muhogo. Chungu kimoja ulichonunua kitatosha kuwagawia majirani na wenzako msikitini au kanisani. Mwanafunzi mwenye kibaraza chenye jua anaweza kuotesha ile ya kutambaa kwenye chombo kilichotobolewa chini. Wakati wa theluji akisogeze ukutani.

Watoto wakirudi shule Septemba, wapeni kazi ya kuhesabu nyuki na vipepeo juu ya maua hayo. Wakibahatika watamwona kipepeo monaki, wa rangi ya machungwa na mistari meusi, akinywa asali ya maua kabla ya safari yake ndefu ya kwenda Meksiko.