Mutu wa sindika akipata kiti cha waziri: tumuangalie George Fernandes wa India



Tangu mwezi mumoja, kwa mikutano yetu neno ni moja tu. Mwenzetu mumoja, delege wa siku nyingi, anataka kusimama kwa kura ya udepite. Wamoja wanasema: aende, atatusemea kule Kinshasa. Wengine wanajibu: "Akisha kupanda ndege, njo basi, tutamuona tena paka siku ya kura." Sisi wa komite tulisikia pande zote mbili na hatukupenda kujibu haraka. Tulisema, tutafute mutu aliyepita ile njia yote, kuanzia sindika mupaka uwaziri, tuone njia ilimufanya nini. Tulimupata mbali, India. Jina lake George Fernandes.

Alizaliwa Mangalore mwaka 1930, katika jamaa ya Wakatoliki. Alipokuwa na miaka 16 wakamutuma seminari kule Bangalore apate kuwa padri. Akaacha. Yeye mwenyewe alieleza kama aliona wakubwa wa seminari wanakula chakula kizuri kwa meza yao, na wanafunzi wanakula kingine. Wenye kutumika kwa mugodi hawana lazima ya kuelezewa ile. Kuko chumba cha kadre, na kuko chumba chetu.

Mwaka 1949 akafika Bombay bila kazi, akalala inje mupaka polisi walimuamsha. Akapata kazi ya kusahihisha makosa kwa gazeti, halafu akaingia kwa sindika ya watumikaji wa bandari, kwa masomo ya Placid D'Mello. Nyuma akapanga wale wa kufagia muji na wale wa taksi. Mwaka 1967 akasimama kwa kura Bombay Kusini na akamuangusha S. K. Patil, mukubwa wa chama cha Congress ambaye watu walizani hawezi kuanguka. Kuanzia pale mupaka 2010 alikuwa mutu wa Bunge, na kushindwa mara kadhaa katikati.

Lakini sisi kitu cha kutushika roho ni grève ya 1974. Fernandes alikuwa prezida wa fédération kubwa ya watumikaji wa reli. Reli ya India ilikuwa na watumikaji karibu milioni 1.7. Walidai nini? Wenye kuendesha mashini walitaka saa 8 za kazi kwa siku, sababu waliachwa juu ya mashini saa nyingi kupita pale. Walidai prime pia, na mushahara wa kulingana na ule wa makampuni mengine ya serikali. Serikali ya Indira Gandhi ikamukamata Fernandes tarehe 2 ya mwezi wa 5, mbele grève haijaanza. Ikaanza tu, tarehe 8. Ikadumu siku 20. Watu kwa maelfu wakafungwa, maelfu wakafukuzwa kazi, na askari wakaingia kwa kambi za reli kutosha jamaa ndani ya nyumba.

Wamama, hapa munafahamu kutushinda. Nyumba ikiwa ya kampuni, bwana anagoma na bibi njo anakuta vyungu inje. Na sisi wa Lubumbashi tuko na hadisi yetu, ile ya mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati watumikaji wa Union Minière waligoma juu ya mushahara na askari wakapiga masasi kwa kiwanja cha mupira. Léonard Mpoyi alianguka pale. Bankambo walitupasha, hatukuisoma kwa kitabu kwanza.

Tarehe 27 grève ya reli ikaisha, na watumikaji hawakupata kitu. Watu walisema Fernandes amewapoteza. Lakini tuendelee kidogo: serikali ilipobadilika mwaka 1977, wale waliofukuzwa wakarudishwa kazini. Na mwaka 1979 prime ya watumikaji wa reli ikakubaliwa. Grève iliyoshindwa ililipa, ila ililipa kwa kuchelewa, na wenye njaa hawakungoja na tumbo lililojaa. Yote mbili ni ya kweli.

Mwaka 1975 Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari, akafunga wapinzani. Fernandes akajificha, mara moja na kilemba na ndevu kama Sikh, mara ingine kama mutu wa dini. Wakamushitaki kama alitafuta baruti ya kuvunja njia za reli na madaraja. Yeye na wenzake walisema hawakutaka mutu hata mumoja aumie. Hapa sisi hatumufuate. Baruti tunaijua, ni chombo chetu cha kazi, haichague mutu. Wakati alipokuwa mafichoni, polisi walimukamata ndugu yake Lawrence na kumutesa sana. Mwigizaji mumoja wa sinema, rafiki yake, Snehalata Reddy, alifungwa pia. Alitoka gerezani na ugonjwa na akafa mwaka 1977. Mukubwa wa sindika akichagua njia, wengine njo wanalipa nauli.

Yeye akakamatwa mwaka 1976 kule Calcutta. Kwa kura ya 1977 alikuwa angali gerezani. Akasimama kwa Muzaffarpur, jimbo la Bihar, hakufika hata siku moja, watu wakatembeza tu picha yake na minyororo mikononi. Alipita na zaidi ya kura 300,000. Kutoka gereza akaenda kuwa waziri.

Kwa uwaziri wa viwanda, kitu kimoja kilimupa jina dunia nzima: Coca-Cola iliondoka India mwaka 1977, na IBM ikafuata. Watu wanaelezea kama vile aliwafukuza kwa mukono wake. (Kwa kambi yetu hakuna mwenye angelia, siye ni watu wa Simba.) Lakini ukweli ni mwingine na ni muzuri zaidi. Sheria ilikuwa tayari tangu 1973: kampuni ya kigeni ipunguze sehemu yake mupaka kwa mia 40. Ilikuwa imeandikwa, inalala. Fernandes alichofanya ni kukataa kufumba macho.

Tunasimama pale kidogo. Sisi pia tuko na sheria. Code minier ya 2018 inasema kampuni itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance iko pia. Karatasi hazikosekane. Kama mwenzetu anatafuta udepite aende kuandika sheria mupya, tunamuambia hapana lazima; aende na ile iliyoko kwa mukono, aulize kila waziri, mwezi kwa mwezi, imefikia wapi.

Mwaka 1989 Fernandes akawa waziri wa reli, wa wale wale aliogoma nao. Alisukuma kazi ya njia ya Konkan, kupita milima na mito mupaka kwao Mangalore. Treni zikapita njia nzima mwaka 1998. Na alibaki mutu wa maisha ya chini. Nguo zake alifua mwenyewe. Waziri mumoja jirani yake alikuwa na walinzi waliosumbua wageni. Fernandes akatosha mulango mukubwa wa uwanja wake, yeyote aingie. Sisi tunajua madelege wenye kubadilisha namba ya simu wiki ya kwanza.

Halafu ikaja ile nyingine. Mwaka 1994 akaanzisha chama cha Samata, na nyuma akajiunga na BJP, watu ambao mbele alibishana nao vikali. Kuanzia 1998 akawa waziri wa ulinzi. Yeye aliyepinga bomu ya atomu miaka mingi, akaitetea wakati India iliipima mwaka ule. Mwaka 2001 waandishi wa habari wenye kamera za kificho wakaonyesha rushwa katika mambo ya silaha, na mazungumzo mengine yalifanywa ndani ya nyumba yake ya uwaziri. Yeye mwenyewe hakuonekana akipokea. Akaacha kazi mwezi wa 3, lakini mwezi wa 10 akarudia kitini, na uchunguzi haujaisha. Mwaka 2002, kule Gujarat, watu zaidi ya elfu moja wakauawa, wengi wao Waislamu, na yeye akasimama kwa Bunge kutetea serikali. Hapa hatuna la kumusaidia. Nguo ilikuwa ile ile ya kufua mwenyewe, lakini sauti ilikuwa ya wengine.

Mwaka 2009 chama chake kikamunyima nafasi sababu ya ugonjwa. Akasimama peke yake Muzaffarpur, pale pale walipomuchagua na minyororo, akashindwa. Akafa Delhi tarehe 29 ya mwezi wa kwanza 2019, akili ilikuwa imemutoka miaka mingi.

Basi, mwenzetu asimame ao hapana? Sisi tunasema asimame. Bila Bunge, waliofukuzwa 1974 hawangerudi kazini. Lakini tunamuomba mambo matatu, kwa maandishi. Aache kiti cha sindika mbele ya kampanye, tuchague mwingine ambaye ataweza kumugomea hata yeye. Kila miezi mitatu afike kambini kutujibu, na wamama wakae mbele, si nyuma ya ukuta. Na siku chama chake kinapotaka kuungana na watu aliowaita adui mbele yetu, arudie kwanza kutuuliza.

Barua tulimuandikia juma lililopita. Tungali tunangoja jibu.